Fizikia ya Kiafrika hakuna: je, na teolojia?

Mabishano ya Lovanium ya tarehe 29 Januari 1960 tunayataja sana darasani, lakini hatuyapimi. Padri Tharcisse Tshibangu, wakati ule mwanafunzi, alisema teolojia yenye rangi ya Kiafrika inawezekana. Kanoni Alfred Vanneste, mkubwa wa fakulte, alijibu: kwanza teolojia ya kweli, kwani elimu ni ya watu wote.

Jibu hilo lilikuwa na nguvu mahali pale. Mwaka uliotangulia, kwenye mlima uleule, Monseigneur Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizikia, aliwasha kinu cha nyuklia cha kwanza katika Afrika. Nani angeuliza kama atomu ni Mluba ao Mbelgiji?

Lakini hapo Vanneste siwezi kumfuata. Mwanafunzi wangu akichemsha maji hapa Uvira, hayangoji digrii 100. Yanachemka karibu na 97, ju tuko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Sheria ni moja, kipimo kinatoka mahali ulipo. Sayansi yenyewe, basi, inauliza: uko wapi?

Tshibangu naye hakuacha jambo hili. Mwaka 1980 alitoa kitabu kizima juu ya teolojia kama sayansi. Ila neno lake “rangi” halinitoshi. Rangi inapakwa juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa.

Sisi huku tuna mtihani mgumu kuliko ule wa Lovanium. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu. Kisha tukasikia mahubiri: ni adhabu. Adhabu ya nani? Ya wale waliojenga kandokando ya mto kwa kukosa kiwanja kingine? Mvua kali, milima iliyokatwa miti, nyumba katika njia ya maji: hayo mtoto wa sekondari anayaeleza vizuri. Asichoweza ni kumjibu mama aliyezika watoto. Kazi hiyo ni ya mhubiri, na wengi wameiacha, wanapima mvua kwa dhambi za marehemu!

Ningependa makatekista na mapasta wetu wakae na walimu wa jiografia, wamsome Tshibangu pamoja, kandokando ya Mulongwe, mbele mvua hazijaanza.