Kati ya Mkwaju na Mkwaju

Fimbo ya gofu hugusana na mpira kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mchezaji hodari anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 72, ukijumlisha yote, ameugusa mpira kwa muda usiofika hata sehemu ya ishirini ya sekunde. Na amekaa uwanjani saa nne. Saa hizo ndizo ninazotaka kuzisifu.

Wengi huziona kuwa ni za kungoja zamu. Lakini katika mahekalu ya Wabuddha wa Zen nchini Japani, watawa wakiinuka kutoka kwenye zazen, yaani kuketi kimya na kutafakari, hupanga mstari wakatembea, hatua ikifuata pumzi. Hiyo ni kinhin, nayo haihesabiwi kuwa mapumziko. Ni ibada ileile, ila sasa imesimama wima. Gofu inadai mwendo wa namna hiyo. Mpira wake umetulia: hakuna anayekurushia, hakuna anayekukaba. Kwa hiyo akili ina nafasi tele ya kujisumbua yenyewe, na mkwaju uliopotelea kichakani hubebwa moyoni hadi shimo la tatu mbele, mabega yamekaza kwa hasira ya jambo lililokwisha.

Ninapoipenda gofu zaidi ni kwenye mchanga. Desturi inamtaka anayetoka kwenye banka, yaani shimo la mchanga, achukue reki, afute nyayo zake na kovu la fimbo, hata kama mkwaju umemwaibisha na wenzake wameshatangulia. Kule Kyoto, kwenye hekalu la Ryoan-ji, changarawe nyeupe inayozunguka mawe 15 huchorwa mistari kwa reki, kazi isiyokwisha, maana mvua na majani hayana likizo. Wachezaji wengi huisukumasukuma reki wakaondoka. Lakini yule anayeivuta taratibu, mchanga ukalala sawa kwa ajili ya mtu ambaye huenda asimwone kamwe, huwa ameshatulia kabla hajaufikia mpira wake.

Aprili 2021, Hideki Matsuyama alipokuwa Mjapani wa kwanza kushinda mashindano ya gofu ya Masters pale Augusta, kedi wake, yaani mbeba fimbo wake, Shota Hayafuji, aliirudisha bendera kwenye shimo la 18, akavua kofia, akauinamia uwanja. Mpiga upinde wa Kijapani naye huinama hivyo anapoaga ukumbi wa mazoezi. Katika saa ya ushindi mkubwa kiasi kile, Hayafuji alikumbuka kuzishukuru nyasi.

Umakini huu wa kati ya mkwaju na mkwaju una gharama yake. Mwaka 1925, katika mashindano ya US Open yaliyochezwa Worcester, Massachusetts, mchezaji Bobby Jones alikuwa akijiandaa kupiga kwenye nyasi ndefu aliposema mpira wake umesogea. Hakuna mwingine aliyeona. Akajitoza mkwaju mmoja wa adhabu. Mwishoni akatoka sare na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja.

Jones hakuwa mfuasi wa Zen, wala hakuhitaji kuwa. Watu humsifu kwa uaminifu wake, nao wana haki. Mimi humsifu kwanza kwa jicho lake. Asingeweza kuungama kwamba mpira umesogea kama asingekuwa pale, macho na akili pamoja, katika nukta ambayo wengine wote walidhani mkwaju bado haujaanza.