Maneno saba ya Kijerumani, lugha mbili za Kabambare

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyeifanya Kasongo makao yake, alijieleza kwa Wajerumani kwa Kiswahili. Aliandika habari za maisha yake, Heinrich Brode akazifasiri, na maandishi ya lugha zote mbili yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kijana wa Kabambare, huko Kongo, anayejiandaa leo kwa mtihani wa A1 wa Goethe-Institut hana Brode wa kumsemea. Lazima ajitambulishe mwenyewe, kwa Kijerumani, mbele ya watahini.

Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 15 hivi, kwa kundi la watahiniwa wasiozidi wanne. Jambo la kwanza ni kujitambulisha kwa kufuata maneno saba yaliyoandikwa kwenye karatasi: Name, Alter, Land, Wohnort, Sprachen, Beruf, Hobby. Yaani jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi na mapendeleo. Kisha mtahini humwomba mtahiniwa ataje herufi za neno fulani, mara nyingi jina lake, na asome namba, kwa mfano ya simu. Mtihani mzima una alama 100, na anayefaulu ni mwenye 60 au zaidi.

Vitabu vingi huyafundisha maneno hayo kana kwamba mwanafunzi anaanza patupu. Mtu wa Kabambare haanzi patupu. Ana Kiswahili cha nyumbani na sokoni, ana Kifaransa cha shuleni, na wengi wana Kibangubangu pia. Makosa yake mengi hutokana na kuegemea lugha isiyofaa kwa kipengele alichonacho mkononi. Tuvipitie kimoja kimoja.

Jina. «Ich heiße» ni «naitwa», na maana haina utata. Matamshi ndiyo kazi. Herufi «ei» husomwa «ai», na «ß» ni «s» kavu. «Ch» ya «ich» haimo katika Kiswahili wala katika Kifaransa: ulimi ukae pale unapokaa kwa kutamka «y», kisha upulize kama unasema «h». Utata mwingine umo katika mpangilio wa majina. Hati za Kongo zina jina, postnom na prénom. Fomu ya Kijerumani ina Vorname na Familienname tu. Vorname ni prénom. Postnom haina nafasi yake, kwa hiyo jifunze kujitaja kama pasipoti inavyokutaja, usije ukawa na jina moja mdomoni na lingine kwenye karatasi.

Herufi. Hapa Kifaransa ndicho kinachoponza. Mwanafunzi aliyezoea kutaja herufi kwa Kifaransa akilitaja jina Salumu, ile «u» yake humfikia Mjerumani kama «ü», naye ataandika Salümü bila kusita. «E» ya mwisho ya Kabambare, ikitajwa kwa Kifaransa, itadhaniwa kuwa «ö». Kwa irabu, rudi kwenye Kiswahili: a, e, i, o, u za Kijerumani hutajwa karibu sawa na zetu, zikivutwa kidogo. Konsonanti chache zikaririwe upya: «h» ni «ha», «j» ni «yot», «v» ni «fau», «w» ni «ve», «y» ni «üpsilon», «z» ni «tset». Kabambare basi ni: ka, a, be, a, em, be, a, er, e.

Umri. Kinaonekana kipengele chepesi kuliko vyote, na ndicho chenye mitego mingi. Iwe unasema «nina miaka» au «niko na miaka», Kiswahili humpa mtu miaka kama mali yake. Kifaransa nacho hufanya hivyo: «j'ai vingt ans». Lugha mbili zikikubaliana, mwanafunzi hudhani ya tatu itafuata, akasema «ich habe zwanzig Jahre». Sivyo. Kijerumani hutumia kitenzi cha kuwa: «Ich bin zwanzig Jahre alt». Mtego wa pili ni tarakimu. Sisi tunasema ishirini na tano, Kifaransa husema vingt-cinq. Kijerumani hutanguliza tano: fünfundzwanzig. Namba ya simu ina nafuu, kwa sababu unaweza kuisoma tarakimu moja moja. Anza na 243 ya Kongo: zwei, vier, drei.

Nchi. Mtanzania ana maneno machache: «Ich komme aus Tansania». Mkongomani anabeba mzigo mzito zaidi, maana jina la nchi yake lina kibainishi (kama «la» ya Kifaransa), na kibainishi hicho hubadilika baada ya «aus»: «Ich komme aus der Demokratischen Republik Kongo». «Aus dem Kongo» ni fupi na hueleweka, lakini Kongo ziko mbili, na msikilizaji aweza kukupeleka Brazzaville. Kariri sentensi ndefu yote kama ilivyo. Kifaransa kinasaidia hapa: aliyezoea «de la République démocratique» hashangai kukuta kibainishi cha kike mbele ya jina la nchi.

Makazi. «Ich wohne in Kabambare.» Mji hauhitaji kibainishi. Hatari huja mtu anapotanguliza neno la wakati. «Sasa ninakaa Kasongo» haiwi «jetzt ich wohne», bali «jetzt wohne ich in Kasongo», kwa kuwa kitenzi hakiondoki nafasi ya pili. Na «ich» haliachwi. Kiswahili huridhika na «ni-» ndani ya kitenzi, lakini Kijerumani hutaka nafsi isimame nje, kisha mwisho wa kitenzi ukubaliane nayo: ich komme, du kommst, er kommt.

Lugha. «Ich spreche Swahili, Französisch und ein bisschen Deutsch.» Hapa Mkongomani anamtangulia jirani yake wa Kigoma asiyesoma Kifaransa. «Ö» ya Französisch ni ile ya «peu», na «ü» ya fünf inafanana na ile ya «lune». Kifaransa pia kimemzoeza kufunga neno kwa konsonanti, kama katika «tasse», hivyo hana sababu ya kusema «ausi» badala ya «aus».

Kazi. Lugha zote tatu zinaafikiana: mimi ni mwalimu, je suis enseignant, ich bin Lehrer, bila kibainishi. Mwanamke akumbuke kuongeza «-in»: Lehrerin, Händlerin, Schülerin.

Mapendeleo. «Napenda kucheza mpira» huwa «ich spiele gern Fußball». Kupenda kumegeuka neno dogo linalokaa baada ya kitenzi, na si Kiswahili wala Kifaransa chenye muundo huo. Kariri sentensi nzima, kisha ubadilishe mchezo.

Hesabu ndiyo hii: irabu za herufi na usemi wa kazi viegemee Kiswahili, «ö», «ü», kibainishi cha nchi na konsonanti za mwisho viegemee Kifaransa, umri na «gern» visiegemee popote.

Asiye na mwalimu karibu anaweza kufuata Nicos Weg, kozi ya bure ya Deutsche Welle, shirika lilelile ambalo idhaa yake ya Kiswahili inasikika tangu 1963. Lakini kozi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Kabambare, na kutaja herufi za jina lako ni zoezi la kufanya mwenyewe. Anzia hapo. Kosa la sarufi mtahini anaweza kulielewa na kupita; jina lililotajwa vibaya hana namna ya kulikisia. Jirekodi kwa simu ukitaja herufi zake, umpe mwenzako asiyelijua aliandike, na usiende kwenye mtihani mpaka aliandike sawasawa.