Kalevala: Aino Ni Binti wa Nani?

Kila Kalevala inapotajwa, husemwa lilelile: ni utenzi wa kale uliowapa Wafini utaifa wao. Hapo kwenye utaifa sina ubishi. Ni hilo neno "kale" ndilo linalonitatiza, na nataka kulikagua kupitia binti mmoja tu, Aino.

Kisa chake kiko hivi. Kijana mwenye majivuno, Joukahainen, anashindana kwa nyimbo na mzee Väinämöinen. Anashindwa vibaya, maneno ya mzee yanamdidimiza kwenye kinamasi. Ili ajinusuru, anamwahidi mzee dada yake. Mama mtu anashangilia kupata mkwe mwenye jina. Aino analia, anakwenda zake majini, anazama. Baadaye Väinämöinen anavua samaki asiyemfahamu, na kabla hajamkata, samaki anachomoka na kumcheka: kumbe ndiye Aino. Kwangu mimi hakuna sehemu ya Kalevala inayoishinda hii.

Sasa, huyo Aino wa kale ametoka wapi? Katika nyimbo walizoimba watu vijijini, msichana wa kisa hiki kwa kawaida hujinyonga, na mara nyingi huitwa Anni. Wimbo wa samaki ulikuwa wimbo mwingine kabisa. Aliyeviunganisha ni Elias Lönnrot, daktari wa wilaya ya Kajaani, aliyezunguka vijijini akiandika nyimbo. Hata jina ni lake: alichukua neno la Kifini lenye maana ya "wa pekee", akalifanya jina la mtu. Leo Ufini imejaa akina Aino, na mchoraji Akseli Gallen-Kallela alimchora mwaka 1891 katika picha ambayo Wafini wengi wanaijua. Yaani mmoja wa mabinti wa kale wa taifa alipewa jina na daktari wa karne ya 19.

Wapo wanaosikia haya wakasema basi Kalevala ni ya kughushi. Hapana. Mtafiti Väinö Kaukonen aliipitia mistari yake na kuona kwamba aliyoitunga Lönnrot mwenyewe ni takribani asilimia 3 tu. Mengine yalitoka vinywani mwa waimbaji, ingawa mengi yaliguswaguswa. Kilicho chake ni mshono. Toleo la 1835 lilikuwa na mistari kama 12,000. La 1849 lilifika mistari 22,795 katika nyimbo 50. Sisi tulio na Utendi wa Fumo Liongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani, hatuna sababu ya kushangaa. Masimulizi kuwa ya wote hakumwondolei mtunzi utunzi wake.

Na mshono huo ulikuja wakati wake. Mwaka 1809 Ufini ilitoka mikononi mwa Uswidi ikaingia kwa Urusi. Wasomi walisoma na kuandika Kiswidi; Kifini kilionekana lugha ya wakulima. Kitabu hiki kiliwathibitishia kwamba lugha ya wakulima ina fasihi nzito. Mwaka 1863 likatoka agizo la kukipandisha hadhi Kifini katika shughuli za serikali, na mwaka 1917 nchi ikajitawala. Siwezi kusema utenzi peke yake ulileta yote hayo, ila bila huo ni vigumu kuiwazia safari hiyo.

Lakini nyimbo zenyewe je? Sehemu kubwa ya zile bora zilitoka Karelia ya upande wa Urusi. Huko, katika kijiji cha Latvajärvi, ndiko Lönnrot alikomsikiliza mzee Arhippa Perttunen mwaka 1834. Wakarelia waliimba, taifa likazaliwa upande wa pili wa mpaka. Baadaye mapenzi ya Wafini kwa Karelia yaligeuka kwa baadhi yao kuwa tamaa ya ardhi, na mwaka 1941 jeshi la Ufini liliingia huko. Hapo ndipo "kale" inapokuwa neno la hatari: ukiamini kitabu ni sauti ya taifa tangu zamani, ni rahisi kuamini kwamba kila palipoimbwa ni pako.

Kwa hiyo mimi naisoma Kalevala kama kazi ya mtunzi, tena mtunzi hodari, aliyekopa kwa watu ambao majina yao ni wachache wanaoyakumbuka. Kusoma hivi hakumpunguzii Aino machozi hata tone.

Kama hujaigusa, anza na wimbo wa 3 hadi wa 5. Ndipo alipo Aino. Tafsiri ya Kiswahili ipo, ya Jan Knappert. Na ukibahatika kusikia Kifini chenyewe kikiimbwa, hesabu mizani: kwa kawaida ni nane kwa mstari, sawa na kipande cha utenzi wetu. Vina vya mwisho hutavisikia, ila sikio lako halitajiona geni.