Kalori 166 za Kisanduku cha Jinsia

Nchini Marekani, wataalamu wa lishe wengi hukadiria nishati ya mwili uliopumzika kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990. Kilo huzidishwa kwa 10 na sentimita za urefu kwa 6.25, vikajumlishwa, kisha umri mara 5 hutolewa. Mwishoni mwanamume huongezewa 5, mwanamke hupunguziwa 161.

Sasa aje mteja wa miaka 30, kilo 70, sentimita 170, aliyesajiliwa mwanamke alipozaliwa na sasa ni mwanamume anayetumia testosteroni. Hesabu ya kiume inampa kalori 1,618 hivi kwa siku, ya kike 1,452. Pengo ni 166. Tuchague ipi?

Kanuni yenyewe haipimi homoni. Tofauti ile inasimama badala ya wastani wa misuli na mafuta ya wanaume na wanawake. Testosteroni huongeza misuli. Estrojeni pamoja na dawa za kuzuia testosteroni huipunguza na kuongeza mafuta. Mabadiliko hayo huanza ndani ya miezi na huendelea kwa miaka. Kwa hiyo mtaalamu makini hupiga hesabu zote mbili, akauliza dawa zilianza lini, akaanzia katikati, kisha akaacha mizani na njaa ya mteja zimwelekeze.

Madini ya chuma yana mantiki nyingine. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 hupangiwa miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8, na sababu kubwa ni hedhi. Testosteroni kwa kawaida huikatisha hedhi, lakini si kwa kila mtu wala si siku ya kwanza. Swali la kuuliza ni kama mteja bado anapata hedhi.

Kwenye majibu ya maabara mambo hugeuka. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu chini ya gramu 13 za hemoglobini kwa desilita kwa wanaume, na 12 kwa wanawake. Testosteroni hupandisha hemoglobini. Mteja wetu akiwa na 12.4 kipimo cha kike kitampitisha, ilhali baada ya miaka ya dawa anastahili kuchunguzwa.

Kwa wanawake waliobadili jinsia wanaotumia spironolaktoni, mojawapo ya dawa za kuzuia testosteroni, tahadhari ni potasiamu, kwa kuwa dawa hiyo huizuia isitoke mwilini. Kabla ya kumshauri mwenye presha atumie chumvi mbadala, ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, angalia figo na damu yake.

Liko pia jambo lisiloonekana kwenye hesabu: wapo wanaojinyima chakula ili hedhi ikome au nyonga zisionekane. Mteja wa namna hiyo akipewa mpango wa kupunguza uzito kwa sababu tu mizani imesoma juu, anasukumwa palepale anapoumia. Mazungumzo kuhusu chakula na mwili wake yatangulie hesabu yoyote ya kalori.