Spoku Arobaini

Neno la kwanza la kigeni nililojifunza kulisoma lilikuwa kwenye shingo ya baiskeli ya baba, chini ya usukani, katika nembo yenye kichwa cha korongo: Nottingham. Baba aliinunua Raleigh ile Urambo, mkoani Tabora, kwa fedha za tumbaku, na kila Jumapili kabla ya misa aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, kuanzia kengele mpaka madigadi. Nami nilichuchumaa mbele yake nikilifuata neno lile kwa kidole, herufi kwa herufi. Sikuwa na habari kwamba ni mji, wala kwamba siku moja ningeamkia humo.

Sasa ninaishi Nottinghamshire, kaunti iliyo katikati ya Uingereza, na Jumamosi ni siku yangu ya baiskeli. Natoka mjini nikifuata bonde la mto Trent, napita Gunthorpe na Hoveringham, halafu naelekea mji mdogo wa Southwell. Kando ya mto hakuna kilima. Kilima ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, ukakusukuma wakati wa kwenda, kisha ukakudai deni lote wakati wa kurudi. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, nawe unaweza kuendesha mpaka miguu ikatae. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, barabara imelowa, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Hata hivyo natoka. Kaunti hii nimeijua kwa mapaja: najua lami imechimbika wapi, shamba lipi limemwagwa samadi, na kona ipi inataka upunguze mwendo kabla hujaiona.

Barabara za vijijini hapa ni nyembamba, zimebanwa pande zote mbili na nyua za miti ya miiba. Mti ulio mwingi ni ule Waingereza wanaouita hawthorn. Mavuno yakishapita, wakulima huzipunguza nyua kwa mashine, na vijiti vyenye miiba humwagika njiani. Mwaka wangu wa kwanza nilipata pancha mbili kwa siku moja karibu na kijiji cha Thurgarton, mvua ikininyeshea. Niliipindua baiskeli, nikavua tairi, nikapitisha kidole ndani yake polepole nikiutafuta mwiba. Ukibandika kiraka huku mwiba ungali ndani, utaivua tairi hiyo tena kabla hujafika nyumbani. Somo hilo sikulipata Uingereza. Alinipa fundi wa chini ya mwembe kule Urambo, ambaye watoto wote tulimwita Fundi, basi. Miiba yake ilikuwa ya migunga, na maji ya kutafutia viputo aliyaweka katika sufuria iliyotoboka, ambayo nayo aliiziba mwenyewe.

Siku ile nilifika Southwell nimechelewa, mikono myeusi, nikaingia katika kanisa kuu ili nikauke. Ndani yake kuna ukumbi wenye nguzo ambazo vichwa vyake vimechongwa majani, kazi ya mwishoni mwa karne ya 13. Ni mawe, lakini yamekunjwa na kupinda kama yaliyochumwa asubuhi: mwaloni, mzabibu, na hawthorn. Nilisimama mbele ya jani la mti ulionitoboa tairi saa moja kabla. Mimi nilikuwa nimeulaani. Mchongaji aliutazama mpaka akajua jani lake linagawanyika mara ngapi. Majina ya wachongaji wale hayajulikani. Nilimkumbuka Fundi, ambaye jina lake halisi sikuwahi kuuliza.

Tangu hapo nikataka kujua ilikotoka baiskeli ya baba. Raleigh ilianza kama karakana ndogo katika mtaa wa Raleigh, mjini Nottingham, miaka ya 1880. Frank Bowden, aliyetajirika Hong Kong, aliinunua karakana hiyo na kuikuza hadi ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya baiskeli duniani. Gia tatu za Sturmey-Archer, zinazofichwa ndani ya habu ya nyuma, zilizaliwa hapa mwaka 1902. Baadaye kazi ilipungua, na mwishoni mwa 2002 kiwanda cha Nottingham kikafungwa. Sehemu ya ardhi yake leo ni chuo kikuu. Nimepita pale mara nyingi. Wanafunzi hufunga baiskeli zao mahali ambapo zamani fremu zilichomelewa, na wengi wa waundaji wa baiskeli hizo hawakuwahi kukanyaga Nottingham.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi kiwandani humo tangu ujana wake, akifunga magurudumu. Watu wa huku huitana kwa upendo "bata wangu", mkubwa kwa mdogo, naye huniita hivyo. Ndiye aliyenifundisha kufunga gurudumu kwenye banda lake, majira ya baridi, kwa majuma mengi.

Gurudumu la nyuma la baiskeli za zamani lina spoku 40, la mbele 32. Spoku ni waya; ukiisukuma inapinda. Nguvu yake yote ni katika kuvuta. Za kulia huivutia rimu kulia, za kushoto kushoto, na rimu husimama sawa kwa kuwa hakuna upande ulioshinda. Ukiona inayumbia kulia, unakaza za kushoto robo mzunguko na kulegeza za kulia robo. Kisha unazungusha na kutazama. Mara ya kwanza nilikaza kwa pupa, na jioni nikawa na rimu yenye umbo la yai. Mzee hakusema kitu. Alizilegeza spoku zote arobaini, akanirudishia gurudumu mkononi. Mwishoni alinifundisha kuzikwanyua kwa kidole kama nyuzi za zeze: zinazolia sauti moja zimebeba mzigo sawa, na inayolia peke yake ndiyo itakayokatika.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani na spoku mpya mfukoni. Raleigh ya baba bado ipo. Ndugu yangu huiendesha kwenda shambani. Rimu zimebadilishwa, pedali si zenyewe, breki zimetengenezwa kwa vyuma vya mitambo mingine. Kilichobaki cha Nottingham ni fremu na korongo. Nililifunga gurudumu la nyuma chini ya mwembe, Fundi amekaa pembeni, mvi zimemjaa. Nilipomaliza alilizungusha, akainamisha sikio, akakaza spoku moja robo mzunguko.

"Sasa litabeba gunia," akasema.

Hapo ndipo nilipokata shauri juu ya jambo nililolifikiria muda mrefu. Kiwanda kiliiunda baiskeli ile mara moja. Fundi ameiunda upya kila mwaka, kwa spana moja na msasa, bila mshahara wala pensheni, akaiweka barabarani hata baada ya kiwanda chenyewe kugeuka madarasa. Heshima tunayoipa nembo inamstahili yeye pia.

Basi, msomaji, mpeleke mwanao kwa fundi wa baiskeli wa mtaani kwenu. Mwache aushike mwiba uliotoka kwenye tairi, aguse spoku, asikie sauti yake. Na kabla hamjaondoka, muulizeni fundi jina lake. Wa kwetu Urambo anaitwa Mzee Ramadhani.