Metodi hii ni ya nani? Maoni juu ya sura ya klasi katika mwongozo wa Python

Yeyote aliyewahi kujaribu mtihani wa kazi ya data amekutana na lile swali: eleza tofauti kati ya metodi ya objekti, metodi ya klasi na metodi statiki. Jibu tunalijua kwa kichwa. Ya kwanza inapokea self, ya pili inapokea cls, ya tatu haipokei kitu. Unapata pointi zako, unapita. Halafu siku unaandika programu yako mwenyewe, unakaa mbele ya mashini na hujui fonksioni yako uiweke wapi. Juu ya nini? Juu lile jibu linakusaidia kutambua metodi ambayo mtu mwingine alikwisha kuandika. Kuamua, halikufundishi.

Nimesoma upya sura ya 9 ya mwongozo rasmi wa Python, ile ya klasi. Iko bure kwenye intaneti, na kwa Kifaransa pia, kwa hiyo hakuna kisingizio. Nataka niseme inafanya nini vizuri na inatuacha njiani wapi. Mimi nilisoma agronomia, sikusoma informatiki. Nitaiangalia na macho ya shamba.

Kizuri chake ni kikubwa. Inasema wazi kwamba ukiandika x.f(), ni sawa na kuandika MyClass.f(x). Objekti iliyo mbele ya nukta inachukuliwa na kuwekwa kama argumenti ya kwanza, basi. Na self si neno la lugha hata kidogo, ni desturi tu. Ukiandika mimi pahali pa self, programu itatembea vilevile (wenzako watakukasirikia, lakini itatembea). Mtu akishika hapo, nusu ya kazi imekwisha. Aina tatu za metodi ni majibu matatu kwa swali moja: ile nafasi ya kwanza, Python iweke nini ndani? Iweke objekti yenyewe, iweke klasi, ama isiweke kitu.

Sasa mfano wake. Sura inachukua klasi ya imbwa, Fido na Buddy. Kila imbwa anafundishwa mchezo, na orodha ya michezo imewekwa ndani ya klasi pahali pa kuwekwa ndani ya kila objekti. Matokeo: Fido anaonekana anajua mchezo wa Buddy, juu orodha ni moja kwa imbwa wote. Onyo ni la kweli na mwongozo unaonyesha pia namna ya kutengeneza. Lakini mfano wenyewe ni mwepesi. Imbwa akiandikiwa mchezo wa mwenzake, nani amepoteza? Hakuna. Msomaji anacheka, anapita. Weka pale orodha ya mifuko ya mbolea iliyotolewa kwa kila mkulima, ndipo utaona. Mama mmoja alichukua mfuko 1, ukurasa wake unaonyesha mifuko ya kijiji kizima, na siku ya kurudisha deni anaulizwa yote. Kosa ni lilelile la mstari mmoja.

Ila mfano wa imbwa una kasoro inayonisumbua zaidi: ndani yake hakuna hesabu yoyote inayokulazimisha kuchagua aina ya metodi. Kila kitu ni metodi ya objekti, na mwanafunzi anatoka akiamini kwamba zile mbili zingine ni mapambo ya mtihani. Tuchukue basi kitu cha kwetu, hesabu ya unyevu.

Mavuno yakipimwa yakiwa bado na maji, unayarudisha kwenye kiwango kimoja ili uweze kulinganisha. Kwa mahindi makavu wengi tunatumia asilimia 14. Unazidisha uzito kwa 100 kutoa unyevu uliopima, unagawanya kwa 86. Kilo 1000 zenye unyevu wa 24 zinakuwa karibu kilo 884. Hesabu haiulizi shamba ni la nani wala liko wapi. Kwa hiyo mwanafunzi mzuri anasema: haihitaji self, nitaweka @staticmethod. Anaandika 14 ndani, anaita ile metodi sawazisha, anaiacha katika klasi Shamba. Asistanti anampa pointi zote.

Baadaye anazalisha klasi nyingine kutoka Shamba: ShambaKahawa. Kahawa parche tuipange kwenye 12. Klasi mpya imerithi sawazisha pamoja na ile 14 iliyojificha ndani. Kilo zilezile 1000 zenye unyevu wa 24 zinatoka 884, wakati kwa kiwango cha 12 unagawanya kwa 88 na unapata karibu 864. Kilo 20 kwa kila tani, na mashini haikulalamika. Hakuna alama nyekundu, hakuna kitu. Ni mhasibu wa koperative atakuja kugundua kwamba depo na karatasi haviongei kitu kimoja, na wa kwanza kushutumiwa ni mwenye kupima, maskini.

Hapa njo metodi ya klasi inapata maana. Kiwango kinaandikwa kama mali ya klasi: Shamba ina unyevu 14, ShambaKahawa ina unyevu 12, na sawazisha inasoma cls.unyevu. Ukiita ShambaKahawa.sawazisha(1000, 24), kile kinachoingia katika cls ni ShambaKahawa, si Shamba. Hukubadilisha fomula hata kidogo. Ulibadilisha tu nani anaulizwa.

Na haiishii hapo. Tuseme mnunuzi mmoja, kwa loti moja, anadai 11. Sasa kiwango si cha zao tena, ni cha loti ile peke yake. Metodi inakuwa ya objekti, inasoma self.unyevu, na pale ambapo loti haina kiwango chake, Python inapanda yenyewe kutafuta kile cha klasi. Loti ile inatoa karibu 854. Fomula moja imepita katika aina zote tatu, na kila mara sababu ilitoka shambani ama depo, haikutoka kwenye kitabu cha informatiki. Mfano wa namna hii, sura ya 9 haina.

Sasa ile metodi statiki, tuseme ukweli wake. Metodi ya klasi na metodi statiki ziliingia pamoja katika Python 2.2, mwaka 2001. Alama ya @ ilifuata katika 2.4, mwaka 2004. Guido van Rossum, aliyeitengeneza lugha hii, alieleza mwenyewe mwaka 2012 kwamba zile statiki zilikuwa kama ajali: alitaka kutengeneza metodi za klasi, hakuwa amezielewa vizuri, akatoa statiki kwanza, na kuziondoa ikawa imechelewa. Sisi tunazifundisha kama jiwe la tatu la jiko! Sisemi hazifai kabisa. Python yenyewe inazo, str.maketrans ni mojawapo. Lakini hesabu ambayo inapewa namba zake zote tatu kutoka nje, uzito, unyevu na kiwango, iko tu fonksioni. Iache nje ya klasi, hailii.

Wenye walianza na Java nawaelewa. Kule, mpaka mwaka 2025, fonksioni haikuweza kukaa nje ya klasi, ilibidi static, na programu ya kwanza kabisa mwanafunzi aliyoonyeshwa ilikuwa na hilo neno kabla hajaelezwa maana yake. Tena Java haina cls: metodi static haijui kama imeitwa kupitia klasi ya mzazi ao ya mtoto. Mtu akivuka kwenda Python anabeba mazoea yake, anaweka @staticmethod kila pahali, na kwa macho kazi inaonekana safi.

Kwa hiyo sura ya 9 ninaipa sifa kwa kurasa zake za x.f(), na ninaikatalia imbwa wake. Wenye kufundisha kwenye promosyo zetu wanaweza kuichukua hivi: kurasa zile zisomwe neno kwa neno, Fido aachwe, na TP ya kwanza iwe mizani, kipima unyevu na magunia mawili, moja la mahindi, lingine la kahawa.