Machicha ya Chai na Hesabu ya Maji

Mwaka 1985 kampuni ya Ito En ya Japani iliingiza sokoni chai ya kijani ya kopo, ya kunywa hapo hapo bila birika. Baadaye zikaja chupa za plastiki. Chai iliyokuwa ikipikwa majumbani ikawa inapikwa kiwandani, na machicha yakahamia huko huko: leo ni makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka, yakitoka mitamboni yakiwa bado yanachuruzika maji. Yakikaa siku chache tu, yanaoza.

Wazo la kwanza huwa ni kuyachoma kwenye boila. Tuhesabu basi. Kilo 1 ya machicha yenye maji asilimia 80 ina gramu 200 tu za majani makavu, na hizo zikiungua hutoa joto la takriban megajuli 3.6. Kuzivukiza zile gramu 800 za maji kunakula karibu megajuli 2, na hapo hatujagusa joto linalopotelea kwenye bomba la moshi. Kinachosalia ni kiduchu, na lori bado halijawekewa mafuta.

Ito En hawakuyakausha. Walibuni njia ya kuyahifadhi yakiwa na maji yake, katika joto la kawaida, bila kuvunda, hadi yafike kwenye viwanda vya washirika wao. Huko ukisikia yanaingia kwenye katoni, usishangae: karatasi huanza kama rojo, kwa hiyo maji ya machicha si mgeni. Yameingia pia kwenye mbao za ndani za mikeka ya tatami, soli za ndani za viatu na mabenchi. Katekini, kemikali ya asili ya chai, iliyobaki kwenye majani huzuia bakteria na kupunguza harufu. Kwa soli ya kiatu, hiyo ni sifa inayouzika.

Mabenchi hupendeza kwenye picha, lakini sehemu kubwa ya machicha huishia kuwa mboji na chakula cha mifugo. Hilo si kosa hata kidogo. Ng'ombe naye hadai yakaushwe.

Kiwanda cha kawaida cha chai nyeusi, kiwe cha Kericho au Mufindi, kina taka za namna nyingine: manyoya ya majani, vijiti na vumbi, vyote vikavu. India imezitungia taka hizi sheria tangu 1959, kwa kuhofia zisirudi sokoni kwa mlango wa nyuma zikiuzwa kama chai. Huko huchanganywa na kitu cha kuziharibu zisinyweke, kisha hupelekwa kwenye viwanda vinavyokamua kafeini.

Panapotengenezwa chai ya kuyeyuka, machicha mabichi hurudi, na hapo ndipo bayogesi inapoishinda boila. Vijidudu vinavyozalisha gesi hiyo tangini hufanya kazi ndani ya maji, hivyo gharama ya kukausha inafutika. Tatizo linahamia kwingine: tanini, zile zile zinazokaza ulimi, huvipunguzia vijidudu kasi, na nyuzi ngumu za majani huchelewa kumeng'enywa. Dawa yake ni kusaga machicha na kuyachanganya na samadi ya ng'ombe, kisha kuongeza kipimo kidogo kidogo hadi vijidudu vizoee. Gesi huendesha jenereta, joto la injini hupasha tangi, na tope linalobaki, ambalo bado lina naitrojeni yake, hurudishwa shambani kwenye michai.